Jinsi ya Kumtambua Nondo Mdogo Aliyechakaa kwa Kutumia Picha

Nondo wengi wanaopigwa picha ukutani, chini ya taa au kwenye kioo cha dirisha wamekwisha kuruka usiku kadhaa, wamejigonga kwenye balbu, wameponyoka kwenye utando wa buibui, na wamepukutisha magamba njiani hata mchoro wa mabawa yao umebaki kivuli. Mwenye picha hufungua kitabu au programu ya simu, hutafuta mdudu mwenye rangi inayofanana na ile anayoiona, na mara nyingi hutoka na jina la mdudu mwingine kabisa, kwa sababu rangi anayoiona si ya magamba tena bali ni ya ngozi ya bawa iliyokuwa chini yake. Mwongozo huu unaanza na mambo ambayo uchakavu hauwezi kuyafuta, unaacha rangi na madoa yasubiri, na unakubali kusimama pale ushahidi wa picha unapokoma. Kwa nondo mdogo ninamaanisha yule ambaye upana wa mabawa yake yakinyooshwa hauzidi milimita 25 hivi.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba ni nondo

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Nzi wadogo wenye manyoya wanaokaa kwenye kuta za bafu na karibu na mitaro ya maji machafu hudhaniwa kuwa nondo kila siku. Ukikuza picha utaona kwamba wana mabawa mawili tu, na urefu wao ni milimita chache. Inzi weupe wa kwenye nyanya na mihogo wana mabawa manne, lakini weupe wao ni unga wa nta, na mdudu mzima ana urefu wa milimita moja hadi mbili. Wanaotatiza zaidi ni wadudu wa oda ya Trichoptera, ambao lava wao huishi majini na ambao wakikomaa hufuata taa usiku kando ya mito na maziwa. Hao wana nywele kwenye mabawa badala ya magamba, hawana mrija wa kunyonyea unaojikunja chini ya kichwa, na mara nyingi huelekeza mbele vipapasio vyao virefu vyembamba. Nondo aliyepukutika hufanana nao sana, kwa hiyo tafuta mabaki: hata aliyechakaa vibaya huwa na magamba machache karibu na mzizi wa bawa, miguuni au ubavuni mwa fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili.

Hatua ya pili: Tafuta faili halisi, kisha pima

Fanya kazi na faili lililotoka moja kwa moja kwenye kamera au simu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa, na vitu vya kwanza kupotea ni vile vidogo unavyovihitaji hasa, yaani ncha ya mdomo, pingili za kipapasio na nywele za pembezoni mwa bawa. Mwombe aliyekupa picha aitume upya kama hati, kwani faili la namna hiyo hufika bila kubanwa na huja na tarehe, saa na pengine mahali ilipopigwa.

Tengeneza nakala mbili. Katika ya kwanza, rekebisha mwanga kwa kulinganisha na kitu unachojua kuwa ni cheupe, kama ukuta au karatasi, kwa sababu balbu ya njano humfanya nondo wa kijivu aonekane ana rangi ya majani makavu. Nakala ya pili igeuze kuwa nyeusi na nyeupe na uongeze tofauti ya giza na mwanga. Mistari iliyofifia, ambayo jicho linaipita likishughulishwa na rangi, hujitokeza hapo. Usitumie kichujio cha urembo wala cha kunoa picha. Vichujio hivyo hulainisha magamba yaliyopo au hubuni yasiyokuwapo, na hutaweza kutenganisha kilichopigwa picha na kilichotungwa na programu.

Kipimo ni muhimu kuliko wapiga picha wengi wanavyodhani. Kama hukuweka rula, rudi mahali ulipopigia picha upime kitu kinachoonekana ndani yake: ikiwa nondo alikaa kwenye wavu wa dirisha, hesabu ni matundu mangapi yanaingia katika sentimita moja, kisha hesabu matundu aliyoyafunika. Zingatia pia kwamba vitabu vingi hutaja upana wa mabawa yaliyonyooshwa, ilhali picha yako inaonyesha urefu wa mdudu aliyeyakunja. Plutella xylostella, nondo wa kabichi na sukuma wiki, ana urefu wa milimita 6 hivi akiwa ametulia, lakini vitabu humwandika kuwa na milimita 12 hadi 15. Asiyejua tofauti hiyo humwondoa katika orodha mapema mno.

Hatua ya tatu: Usome uchakavu wenyewe

Kabla ya kusema nondo ana doa, amua kama doa hilo ni lake au ni jeraha. Vumbi lile linalobaki kidoleni ukimgusa nondo ndiyo magamba, na hayapukutiki popote pale kwa usawa. Kwa kawaida sehemu ya juu ya kidari, yaani sehemu ya kati ya mwili inayobeba mabawa na miguu, hubaki wazi mapema na kung'aa, vishungi vilivyoinuka juu ya bawa hung'oka, nywele za pembezoni hukatika na ncha za mabawa huchanika, wakati sehemu ya bawa iliyo karibu na mwili hukaa na magamba kwa muda mrefu zaidi. Ngozi ya bawa iliyo wazi huwa angavu na yenye rangi ya kahawia hafifu, na ndiyo maana nondo wengi waliochakaa hufanana kwa rangi hata kama walipokuwa wapya mmoja alikuwa wa shaba na mwingine wa kijivu.

Kanuni ya kazi hapa ni ulinganifu wa pande mbili. Mchoro wa kweli huwapo kwenye bawa la kushoto na la kulia mahali pale pale. Alama iliyopo upande mmoja tu ichukulie kuwa ni uchafu au mkwaruzo mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa kuwa pande hizo hazichakai sawasawa, unaweza kuchukua sehemu ya ndani ya mchoro kutoka bawa moja na sehemu ya nje kutoka bawa jingine, ukauchora mchoro mzima kwenye karatasi. Kuchora kwa mkono, hata kama huna kipaji, hukulazimisha kuangalia kila eneo mara moja moja, jambo ambalo kukodolea kioo cha simu hakulifanyi.

Tazama pia kingo za sehemu zilizo wazi. Maruca vitrata, ambaye kiwavi wake hutoboa maua na maganda ya kunde, ana madirisha angavu kwenye mabawa ya kahawia tangu siku anayotoka kwenye bundo, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kuwa nondo. Kingo za madirisha hayo ni safi na zinalingana pande zote mbili. Bawa lililokwaruzika huwa na kingo zilizochanikachanika, na magamba hupungua kidogo kidogo kuelekea sehemu iliyo wazi.

Hatua ya nne: Mkao na umbo

Mkao hauchakai, mradi mdudu alikuwa hai na ametulia alipopigwa picha. Nondo wa familia ya Pterophoridae hukaa mabawa membamba yakiwa yamenyooshwa pembeni, hivi kwamba mwili wote unafanya herufi T, na ukimwona wa namna hiyo karibu umeshamaliza kazi ya familia. Wengi wa Gracillariidae huinua sehemu ya mbele ya mwili kwa miguu, ncha za mabawa zikigusa ukuta. Tortricidae waliotulia huonekana kwa juu wakiwa na mabega mapana na mabawa yanayotanuka kidogo kuelekea nyuma. Wengi wa Crambidae hutandaza mabawa yakafanya pembetatu bapa, ingawa wengine wa familia hiyo hiyo huyaviringisha yakabana mwili. Gelechiidae na nondo wengi wa ghalani huyalaza mgongoni kama paa la nyumba. Mkao huu wa mwisho ni wa familia nyingi mno kuweza kutoa jibu, ila unatosha kupunguza orodha.

Hatua ya tano: Kichwa

Kama una dakika kumi tu za kutazama picha yako, nane kati yake zitumie kwenye kichwa. Palpi, yaani vile vijiti viwili vya mdomoni vinavyotokeza mbele ya uso, zina umbo ambalo hata zikipoteza magamba bado hueleza mengi. Kwa Gelechiidae ni ndefu, nyembamba, na hupinda kwenda juu mbele ya uso hadi kupita utosi, zikiishia kwa ncha kali. Kwa wengi wa Crambidae hunyooka mbele zikafanya mdomo mrefu. Chilo partellus, mtoboa mabua ya mahindi na mtama, ni mfano ulio wazi. Kwa Tortricidae nyingi huelekea mbele pia, lakini ni fupi na nene zaidi, na pingili yake ya kati hupanuka kwa magamba. Uzipige picha kutoka ubavuni: picha ya juu hufanya palpi iliyopinda ionekane kama iliyonyooka na fupi.

Chini ya palpi kuna mrija wa kunyonyea. Ikiwa picha ni kali kiasi cha kuonyesha kama mzizi wa mrija huo umefunikwa magamba au uko wazi, umepata alama kubwa sana, kwa kuwa Pyralidae (familia ya nondo wengi wa ghalani), Crambidae na Gelechiidae huwa na magamba mahali hapo na Tortricidae hawana. Ni kweli kwamba simu ya kawaida hufika hapo mara chache. Kwa nondo aliyekaa kwenye kioo cha dirisha kuna njia rahisi: zunguka upande wa pili wa kioo umpige picha ya tumboni, ambapo mdomo, miguu na mishipa ya mabawa huonekana bila kumgusa.

Utosi nao usiusahau. Nywele zilizosimama na kuvurugika juu ya kichwa, pamoja na mrija mfupi au usioonekana, huelekeza kwa Tineidae, familia ya nondo wa nguo za sufu. Familia hiyo hiyo ina jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Phereoeca, ambayo kiwavi wake hutembea ukutani akiwa ndani ya kifuko bapa cha mchanga na nyuzi, kilichochongoka na kuwa wazi ncha zote mbili; wakazi wa nyumba za nchi zenye joto wengi wamekiona kifuko hicho kuliko walivyomwona nondo mwenyewe. Kuhusu vipapasio, angalia unene, urefu ukilinganisha na bawa, na vinakoelekezwa. Plutella aliyetulia huvielekeza mbele, na alama hiyo hubaki hata pale ukanda wa rangi ya maziwa unaopita mgongoni mwake umekwisha kufutika.

Hatua ya sita: Matamvua na mishipa ya bawa

Matamvua ni zile nywele ndefu za pembezoni mwa bawa. Yakikatika, mashina yake huonekana kwenye kingo, na kinachofaa kuangaliwa zaidi ni bawa la nyuma: kama ni jembamba na matamvua yake ni marefu kuliko upana wa bawa lenyewe, uko kwenye makundi ya nondo wadogo sana kama Gracillariidae, Cosmopterigidae au baadhi ya Gelechiidae, kama ni pana na matamvua ni mafupi, rudi kwa Pyralidae, Crambidae na Tortricidae.

Hapa ndipo uchakavu unapomsaidia mtambuzi, kwa sababu bawa lililopoteza magamba huonyesha mishipa ambayo kwa nondo mpya ingefichika. Mwanga ukitoka nyuma yake, kama kwenye kioo, unaweza kuifuata mmoja mmoja. Kwenye bawa la nyuma la Pyralidae na Crambidae, mishipa miwili iliyo karibu na ukingo wa mbele hukaribiana sana au kuungana kwa kipande fulani, ikiisha kupita chumba cha katikati ya bawa, yaani eneo lililozungukwa na mishipa. Alama hii haitegemei rangi wala gamba hata moja.

Hatua ya saba: Mahali na kilichokuwapo karibu

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Picha ni ya nondo aliyekaa ukutani mwa stoo yenye magunia ya mahindi na mfuko wa mchele. Akiwa amekunja mabawa ana urefu wa milimita 8 hivi, ana rangi ya kijivu isiyo na mchoro, na kidari chake kiko wazi na kinang'aa. Washukiwa wakuu ni wanne: Plodia interpunctella, Ephestia cautella, Corcyra cephalonica na Sitotroga cerealella.

Plodia akiwa mpya hana wa kumfananisha naye humo ndani, kwani theluthi mbili za nje za bawa lake la mbele ni za rangi ya shaba na theluthi ya ndani ni ya kijivu cheupe. Kwa aliyechakaa, tafuta mpaka wa sehemu hizo katika nakala ya nyeusi na nyeupe, kisha tazama palpi, ambazo kwake hunyooka mbele. Za Ephestia hupinda juu. Za Corcyra hutofautiana kwa jinsia, jike akiwa na ndefu zinazoelekea mbele na dume akiwa na fupi. Kwa hiyo palpi peke yake hazimtengi jike huyo na Plodia, na inakubidi utumie ukubwa, kwa kuwa Corcyra hufikia milimita 12 hivi, pamoja na mishipa ya bawa lake la mbele ambayo huwa imekolea kidogo. Sitotroga ndiye rahisi: palpi zake ni nyembamba na kali, matamvua yake ni marefu, na bawa lake la nyuma huishia ghafla kwa ncha nyembamba inayotokeza mbele.

Sasa ingia kwenye magunia. Punje za mahindi zenye tundu la mviringo lililo safi, pengine bado lina kifuniko chembamba cha ganda la punje, humwelekea Sitotroga, ambaye kiwavi wake huishi ndani ya punje na ambaye huweza kuanza kushambulia mazao yakiwa bado shambani. Tundu lenye kingo zisizo sawa huenda ni la fukusi, ambaye si nondo. Mchele ulioshikamana kwa utando wa hariri, uliojaa unga na kinyesi cha viwavi, ni kazi ya mmojawapo wa wale watatu wengine. Ikiwa nondo wetu ana palpi zilizopinda juu zikiwa butu, bawa la nyuma pana, na mchele umefungwa utando, andika Ephestia na uishie hapo. Jenasi hiyo ina spishi zinazofanana kiasi kwamba zikipoteza mchoro hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi kwa darubini. Kwa mwenye stoo jibu hilo linatosha, kwa maana kazi inayomngoja ya kupepeta, kuanika na kusafisha nyufa haibadiliki kwa jina la spishi.

Shambani hali ni ngumu zaidi. Nondo wadogo wa kijivu wa Gelechiidae hufanana mno, na wale walionaswa kwenye gundi ya mtego huwa wamechakaa kupita wote. Kantangaze, yaani Tuta absoluta, mharibifu wa nyanya, hapaswi kuthibitishwa kwa picha ya nondo wa namna hiyo. Hata mtego wenye harufu ya jike unaweza kunasa ndugu zake. Piga picha ya jani la nyanya: njia za kantangaze ndani ya jani hupanuka zikawa mabaka yenye kinyesi cheusi, wakati nzi wa majani huacha mstari mwembamba unaojipinda.

Hatua ya nane: Yapime majina unayopendekezewa

Sasa unaweza kufungua programu ya kutambua. Programu hizo hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kupewa majina, na nyingi kati yake zilipigwa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa wadudu wenye magamba kamili. Nondo aliyechakaa wa Tanga au Kisumu ataletewa jina la Ulaya kwa ujasiri ule ule. Kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi na kutambua viumbe ulioanzishwa Marekani mwaka 2008, rekodi hupata hadhi ya utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana. Lakini wote wanatazama picha ile ile, na kukubaliana kwao hakurudishi mchoro uliofutika.

Lililo bora ni kulichukua kila jina lililopendekezwa na kuuliza linapingwa na alama ipi katika hatua zilizotangulia. Jina moja likipingwa na palpi, liondoe hata kama rangi inalingana. Kisha angalia kama spishi hiyo imeandikwa kuwapo Afrika. Kanzidata ya nondo wa Afrika iitwayo AfroMoths inafaa kwa kazi hiyo. Usiichukulie orodha yoyote kuwa ukuta, hata hivyo. Tuta absoluta alitoka Amerika Kusini, akafika Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa amekwisha kuripotiwa Tanzania.

Hatua ya tisa: Andika jina kwa kiwango chake, na umhifadhi mdudu inapobidi

Rekodi yako iseme umefika wapi. "Gelechiidae" ni jibu kamili, "Ephestia sp." linaeleza kwamba jenasi inajulikana na spishi haijulikani, "cf." ikiwekwa kabla ya jina la spishi huonyesha kwamba mdudu anafanana nayo bila kuthibitishwa. Pembeni andika alama ulizotegemea, ili atakayekuja baadaye ajue ni ipi ya kuipima upya.

Ikiwa jina la spishi ni la lazima, kwa mfano pale mdudu mgeni anaposhukiwa shambani, picha haitoshi na mdudu anahitajika. Kwa bahati nzuri, nondo aliyechakaa hana upungufu hapo: viungo vya uzazi vilivyo ndani ya fumbatio havichakai kwa kuruka, na DNA inaweza kupatikana kwenye mguu mmoja. Muue kwa kumweka kwenye friza, kisha mlaze kwenye kiboksi kikavu juu ya karatasi laini, wala usimbandike kwa selotepu. Mguu wa kipimo cha DNA uwekwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Wa shambani apelekwe kwa afisa ugani, ambaye anaweza kumfikisha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa Tanzania au KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea) kwa Kenya. Wa porini anaweza kuulizwa kwenye idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Andika mahali, tarehe, mmea au chakula alichokutwa nacho, jina la aliyemkamata na namba ya faili la picha, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka ukiguswa na ethanoli.